Nina shahada ya kemia na kila tangazo linataka uzoefu. Nianzie wapi?

Mwana_Moli
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri, na kejeli ndogo ndogo nitazivumilia.

Nimehitimu shahada ya kwanza ya kemia. Ufaulu wa kati, si wa kujivunia wala wa kuficha. Chuoni tumefanya titresheni, kupima kemikali kwa kuidondoshea nyingine, mpaka nikawa naiona fenolfthalini, ile rangi ya kiashiria, usingizini, lakini mashine kubwa za kutenganisha na kupima michanganyiko, kama HPLC na GC, tulizungushwa kuzitazama tu, anayeshika ni fundi wa maabara. Tangu nimalize nimetuma maombi kila mahali palipoandikwa neno "sayansi". Wengi hawajibu kabisa, na wachache wanaojibu wanataka uzoefu wa miaka miwili au mitatu.

Nyumbani wanasema nikasomee ualimu. Mjomba anasema kemia imekufa, niingie kwenye kompyuta. Rafiki yangu anasema nirudi chuo nichukue uzamili. Walio kwenye fani hii, kazi zipo au tulidanganywa? Na kama zipo, mtu asiye na uzoefu anapitia mlango gani?

Jiwe_la_Pembeni
Karibu mtaani. Kemia ni somo zuri sana la kufaulu mtihani. Kachemshe sabuni.

BuretiYaZamani
Mwanangu, huyo wa juu mwache apumzike, ingawa hiyo sabuni nayo ina watu wake humu.

Shida yako umeitaja mwenyewe: "kila mahali palipoandikwa sayansi". Hakuna mwajiri anayeamka asubuhi akatafuta mtu wa kemia. Mwenye kiwanda cha dawa anatafuta mtu wa kumthibitishia kwamba kidonge kina kiambato kwa kiasi kilichoandikwa kwenye boksi. Mtambo wa maji unatafuta mtu atakayejaza bika sita maji yaleyale ya mto, aweke dozi tofauti za shabu, akoroge, aone ipi imetuliza tope vizuri, kisha aseme leo tunatumia hii. Saruji wanataka anayeelewa matokeo ya XRF, mashine ya kupima elementi kwa eksirei, na kipimo cha chokaa huru, ile isiyoungana tanuruni. Mgodi wa dhahabu unataka mtu wa kulinda pH ya matangi ya sianidi isishuke chini ya 10, kwa sababu ikishuka sianidi ya hidrojeni inaanza kutoka kama gesi ya sumu, na siku hiyo hakuna atakayeulizia dhahabu.

Wote hao wanaajiri kemia, ila hawaiiti kemia. Wanaandika mchambuzi wa maabara, afisa udhibiti ubora, mtaalamu wa kutibu maji, afisa mazingira, msimamizi wa usalama wa kemikali. Chagua sekta mbili, uzisome mpaka uzungumze lugha yao, halafu ndiyo utume maombi. Maombi machache ya namna hiyo yanakutosha kuliko hayo uliyokuwa unayamwaga.

Kwa asiye na uzoefu, mlango ulio wazi kuliko yote ni udhibiti ubora. Ni kazi ya zamu, inajirudia, watu huichoka na kuhama, ndiyo maana nafasi hufunguka. Usiichanganye na uhakiki wa ubora. Wa udhibiti anapima sampuli. Wa uhakiki anatunza taratibu, anakagua kumbukumbu na kufuatilia kila kilichoenda kombo. Wengi huanzia kwenye kupima, wakahamia kwenye uhakiki baadaye.

Nikupe swali la usaili, ujibu hapa hapa bila kutafuta mtandaoni: andaa lita moja ya NaOH yenye 0.1 M.

Mwana_Moli
Shikamoo mzee. Uzito wa moli ni 40, kwa hiyo napima gramu 4, nayeyusha kwenye maji yaliyochujwa ioni, naacha ipoe, najaza hadi alama ya lita moja. Imeisha.

BuretiYaZamani
Marahaba. Hesabu ni sahihi, ila kazi haijaisha, na hapo ndipo msaili huwatenganisha watu. NaOH hunyonya unyevu na kaboni dioksidi ya hewani. Zile gramu 4 kwenye mizani si gramu 4 za NaOH. Kwa hiyo unachukua KHP, chumvi safi ya kupimia nguvu ya alkali, iliyokaushwa, unaipima kwa mizani ya desimali nne, unaititreti kwa hiyo NaOH yako, ndipo unapata mkusanyiko wa kweli. Ukikuta ni 0.0987, unaandika 0.0987 kwenye chupa, pamoja na tarehe, jina lako na mwisho wa matumizi.

La pili, hili linaangusha hata wenye ufaulu wa juu: sampuli imetoka nje ya kiwango, bosi yuko mkutanoni, lori linasubiri kupakia mzigo. Unafanyaje?

Mwana_Moli
Narudia kipimo?

Kipimajoto
Mzee Bureti ngoja nilijibu mimi, maana ndiyo kazi yangu kila siku, niko kwenye dawa.

Hurudii kwanza. Unaacha kila kitu kilivyo, humwagi miyeyusho, unamjulisha msimamizi wako au anayekaimu. Halafu mnachunguza: hesabu ziko sawa? Kiwango rejea, ile kemikali safi ya kulinganishia, kimeisha muda? Kolamu, bomba la kutenganishia ndani ya HPLC, imechoka? Mizani imefanyiwa ugezi, yaani usahihi wake umehakikiwa? Sampuli iliandaliwa na nani na vipi? Mkikuta kosa la maabara lenye ushahidi, matokeo yanabatilishwa kwa maandishi, ndipo mnapima upya. Msipolikuta, huenda bidhaa yenyewe ndiyo mbaya, na lori lisubiri. Kupima na kupima mpaka namba nzuri itokee, halafu ukaandika hiyo peke yake, ni dhambi kubwa kwenye fani hii. Marekani kulikuwa na kesi ya serikali dhidi ya Barr Laboratories, hukumu ilitoka 1993, na mpaka leo inafundishwa kwenye mafunzo ya viwanda vya dawa kwa sababu ya jambo hilihili.

Mwana_Moli, ukijibu hivyo kwenye usaili, suala la uzoefu linapungua uzito. Sisi mtu wa kuendesha HPLC tunamfundisha. Mtu wa kutodanganya namba ni vigumu kumfundisha.

Nukta_Tatu
Naona mnamsukuma kiwandani haraka. Mimi naunga mkono uzamili, lakini wa kufadhiliwa. Wa kujilipia kwa mkopo, huku hujui unautaka wa nini, hapana.

Watu wengi hawajui kwamba Marekani idara nyingi za kemia zinapokea wanafunzi wa uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Ada inafutwa na unalipwa posho kwa kufundisha maabara za wanafunzi wa mwaka wa kwanza au kufanya utafiti. Nchi nyingi za Ulaya zinataka uzamili kwanza, na hapo kuna ufadhili wa DAAD ya Ujerumani na wa Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya. Kwa wa nchi zinazoendelea kuna TWAS, ile akademia ya sayansi iliyoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1983, makao yake Trieste, ambayo hufadhili uzamivu kwenye nchi za kusini. Na ukishapata uzoefu kidogo wa viwandani, OPCW, shirika la kuzuia silaha za kemikali lililopo The Hague, lina programu ya kuwanoa wakemia na wahandisi wa kemikali tangu mwaka 2000. Wakemia wachache sana huiulizia.

Ila wafadhili wanasoma barua za walimu wako. Kama hakuna mhadhiri anayekukumbuka kwa jina, anza kurekebisha hilo leo.

BuretiYaZamani
Nukta_Tatu, sikatai. Ila nimeshawapokea wenye uzamili wasiojua kwa nini asidi inamiminwa kwenye maji na si maji kwenye asidi. Wanakuja wakitaka ofisi. Afanye kazi kwanza, atajua anachotaka kukisomea.

Nukta_Tatu
Mzee, na mimi nimewaona walioingia kiwandani wakakwama kwenye benchi lilelile wakipima pH mpaka wakasahau mlinganyo wa Nernst, ambao ndio msingi wa kipima pH chenyewe. Inategemea mtu. Akipenda kuuliza "kwa nini", utafiti utamfaa. Akipenda kuona kazi inakamilika jioni, abaki kiwandani.

Rangi_na_Gundi
Mdogo wangu, mbona kila mtu anazungumzia kupima tu? Kuna upande wa kutengeneza. Mimi natunga rangi za ukutani, na naupenda kuliko maabara ya vipimo niliyoanzia.

Mfano wa kazi yangu: titani dioksidi ndiyo inayoipa rangi weupe na uwezo wa kufunika ukuta, na ndiyo inayokula bajeti. Mauzo wanakuja wanasema punguza gharama. Nikipunguza titani dioksidi nikaongeza kalsiamu kabonati, ukuta wa zamani unaanza kuonekana kwa chini. Nikiongeza kabonati kupita kiasi, gundi haitoshi kushika chembe zote, rangi inachakaa ukiipitishia kitambaa. Basi nakaa nachezea uwiano, saizi ya chembe, unato, muda wa kukauka. Siku ikikubali, unatamani umwonyeshe kila mtu ukuta mtupu.

Gundi, vipodozi, dawa za usafi, viuatilifu, wino, plastiki, kote huko kuna watungaji. Wengi hawatangazi. Wanachukua mtu wa udhibiti ubora aliyeonyesha udadisi. Kwa hiyo ingia kwa mlango wa Mzee Bureti, lakini usikae mlangoni.

Na sabuni ya Jiwe_la_Pembeni si ya kucheka. Anayejua namba ya usaponifishaji ya mafuta yake, yaani alkali inayohitajika kuyageuza sabuni, anakokotoa alkali kwa usahihi, kipande hakichubui ngozi. Asiyejua anakisia, na wateja ndio wanaolipa kwa ngozi zao. Kama una moyo wa biashara, elimu yako ni mtaji hapo. Kama huna, usilazimishwe na mtu.

Jiwe_la_Pembeni
Nilikuwa natania lakini nashukuru kwa kunipa heshima nisiyostahili 😂

Muuza_Mashine
Nimesoma mpaka hapa hakuna aliyetaja sisi. Kila HPLC, GC na spektrofotometa iliuzwa na mtu, inafungwa na mtu, na ikigoma anaitwa mtu. Kampuni za vifaa vya maabara hupenda wakemia kwa sababu mteja akisema "vilele vyangu kwenye grafu ya mashine vinatanuka", muuzaji wa kawaida anatoa macho, mkemia anauliza kolamu ina umri gani na pH ya kimiminika kinachopita ndani yake ni ngapi. Unasafiri sana, sehemu ya kipato inategemea mauzo, na uoga wa kuongea na watu utauacha nyumbani. Ukitulia miaka michache unajua maabara zote na maabara zote zinakujua.

Msimbo_Mtupu
Kwa mjomba wako: kemia haijafa, na kompyuta si talaka ya kemia. Jifunze Python, lugha ya kompyuta, kidogo, kisha uifungue RDKit, ni programu huria ya bure ya kushughulikia miundo ya molekuli. Anayejua mlinganyo wa Arrhenius, ule wa joto na kasi ya mmenyuko, na anajua kuchora data bila kutegemea mtu ni adimu kuliko anayejua kimoja. Usitegemee ajira ya haraka kwa hiyo peke yake. Iwe nyongeza.

Kipimajoto
Na wakikusumbua sana nyumbani waambie Merkel alichukua uzamivu wa kemia ya kwanta mwaka 1986, na Thatcher alisoma kemia Oxford kisha akafanya kazi ya maabara kwenye kampuni ya vyakula. Sijui itakusaidia nini, ila mjomba atanyamaza dakika mbili.

Mwana_Moli
Nimecheka, halafu nimeanza kuandika. Asanteni sana wakubwa zangu.

Nimeamua hivi: sekta mbili, maji na rangi. Maji kwa sababu nimelielewa lile jaribio la bika sita, rangi kwa sababu dada Rangi_na_Gundi amenitamanisha. Ualimu nimeuweka pembeni, sijaudharau. Ufadhili nitaanza kwa kumtafuta mhadhiri aliyenisimamia mradi wa mwisho.

Mawili yamebaki. Kuna kitu naweza kusoma sasa hivi bila kulipa kozi? Na kwenye CV niandikeje kuhusu mashine nilizozitazama tu? Wenzangu wote wameandika "nina ujuzi wa HPLC, GC, AAS na FTIR".

Kipimajoto
La kusoma: elewa ISO/IEC 17025, toleo la 2017, kiwango cha umahiri wa maabara za vipimo na ugezi. Maabara yoyote yenye ithibati inaishi ndani yake. Maelezo ya bure yako mengi, na mashirika ya ithibati hutoa miongozo yao wazi. Kwa maji, mwongozo wa WHO wa ubora wa maji ya kunywa unapakuliwa bure. Pia ujue kusoma karatasi ya usalama ya kemikali kwa GHS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali. Ina sehemu 16, na msaili akikuuliza huduma ya kwanza iko wapi, ni ya 4.

BuretiYaZamani
La CV ngoja nilijibu mimi. Usiandike "nina ujuzi". Nikikuta mashine nne kwenye CV ya mtu asiye na kazi, nauliza swali moja tu: kolamu ya C18 ya HPLC ndani yake kuna nini? Wengi wananyamaza, na hapo hata zile titresheni walizofanya kweli naanza kuzitilia shaka.

Mradi wako wa mwisho ulihusu nini?

Mwana_Moli
Kupima ugumu wa maji ya visima kwa EDTA, kemikali inayoshika kalsiamu na magnesiamu. Nilikusanya sampuli mwenyewe, kila moja nikaititreti mara tatu.

BuretiYaZamani
Na ulikuwa umekaa nayo kimya muda wote huu? Andika: "Nilikusanya sampuli za maji ya visima na kupima ugumu wake kwa titresheni ya EDTA, marudio matatu kwa kila sampuli, nilikokotoa wastani na mkengeuko sanifu." Chini yake: "Nimeona uendeshaji wa HPLC na GC kwenye mafunzo." Iweke juu kabisa, kabla ya elimu ya sekondari. Kisha ibandike hapa tuikague kabla hujaituma kwa mtu wa maji.