Naomba ushauri: watazamaji wangu watakaa hadi mwisho wa filamu ya Temporada?

Mleta uzi:
Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa. Jumamosi ijayo ni zamu yangu kuchagua filamu katika kikundi chetu cha mtaani hapa Dar es Salaam, nami nimechagua Temporada ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Mbrazili André Novais Oliveira. Inamhusu Juliana, anayehama Itaúna kwenda Contagem, mji wa viwanda jirani na Belo Horizonte, baada ya kupata kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba akikagua mazalia ya mbu wa dengi, huku akimngoja mumewe aliyeahidi kumfuata. Hakuna anayeuawa wala anayetajirika. Mwezi uliopita nilionesha filamu tulivu kama hii, na haikufika nusu saa watu watano wakaondoka. Hii imenigusa mno, na ningeumia kuona viti vitupu. Niwaambie nini kabla ya kuanza?

Mzee wa Mabanda:
Usiwasimulie kisa, bali waeleze kazi yenyewe. Dengi tuliipata hapa mwaka 2019, kwa hiyo hakuna asiyeelewa maana ya kuinua kisahani chini ya chungu cha maua, kumulika ndani ya tairi kuukuu au kufunua tangi la maji. Mtu anayegonga geti la mgeni kutwa nzima huingia katika maisha ya watu wengi, na humo ndimo ilimo filamu.

Mwanafunzi wa Sanaa:
Naafiki, ila tafadhali isigeuke kuwa somo la afya. Ningewaeleza pia kwamba Filmes de Plástico, kampuni iliyoitengeneza, ilianzishwa Contagem mwaka 2009 na vijana waliochukua kamera wakapiga picha mitaa yao wenyewe. Katika filamu moja ya mwaka 2014, «Ela Volta na Quinta», mwongozaji huyuhuyu aliwapa wazazi wake nafasi kuu za uigizaji. Fedha kidogo iliwafundisha kukaa na mtu mmoja kwa muda mrefu, mpaka tuone uso wake unavyobadilika. Grace Passô, anayemwigiza Juliana, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Brasília, na filamu yenyewe ikawa filamu bora.

Mama Wawili:
Mdogo wangu, kabla ya yote hayo, una hakika wale watano walichoshwa na utulivu? Filamu inazungumza Kireno, maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Asiyeyasoma kwa haraka atakaaje saa mbili?

Mleta uzi:
Dada, umenifungua macho. Watatu kati yao ni wazee ambao hawasomi Kiingereza, na sikuwahi kuwauliza. Je, niweke mtafsiri wa sauti kama zamani kwenye mabanda ya video?

Mzee wa Mabanda:
Kwa filamu ya mapigano ningesema ndiyo. Hapa sauti ya mtafsiri itafunika mazungumzo ya wafanyakazi wakitaniana, nayo ndiyo utamu wenyewe. Andika maandishi ya Kiswahili, herufi kubwa, sentensi fupi.

Mleta uzi:
Nimeanza usiku huu, na nimekwama kwenye jina la kazi ya Juliana. «Wakala wa kupambana na magonjwa» haitamkiki.

Mama Wawili:
Andika «bibi afya». Wazee wataelewa kabla hajagonga geti la kwanza.