Kwa nini kinga ya mwili imshambulie mtoto moyo?

Mama wa Igoma: Ndugu zangu, binti yangu aliumwa koo akapona bila dawa, wiki 3 baadaye magoti yakavimba, na daktari hapa Mwanza akasema kinga yake inashambulia vali za moyo, yaani milango ya kupitisha damu. Inawezekanaje?

Mkazi wa Kirumba: Pole sana, dada. Hiyo huitwa homa ya rumatiki (rheumatic fever). Bakteria wa koo aitwaye streptokoka ana protini zinazofanana na za moyo, hivyo askari wa mwili waliozoezwa kumtambua hushambulia pia tishu za mgonjwa mwenyewe, hata bakteria akiisha kutoweka. Magoti hupona, vali huweza kubaki na makovu, ndiyo maana sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4, inayomzuia bakteria huyo asirudi, isikatizwe bila daktari kusema.

Muuguzi, Ilemela: Urithi nao huchangia. Wadogo zake wakiumwa koo na homa, wapeleke zahanati mapema.