Mjadala: Kerneli ihesabu kila muunganisho, au tuachie zana za pembeni?

Mleta mada, Mtwara mjini

Wadau, salaam. Naleta hoja kwamba kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, ihesabu yenyewe kila muunganisho unapotezea wapi muda. Kwenye ufundi wangu neno ninalolisikia kila siku ni "mtandao mbovu". Mteja analisema, mtoa huduma analisema, wote wanatupiana mpira, na hakuna mwenye namba mkononi.

Msimu wa korosho uliopita niliitwa ofisi moja karibu na bandari. Nyaraka za mzigo zilikuwa zinapanda kwenda seva ya Dar kwa mwendo wa kinyonga, wakati kipimo cha kasi kinaonyesha laini iko vizuri. Barua ya malalamiko kwa kampuni ya intaneti ilishachapwa, inasubiri sahihi. Nikaandika `ss -ti`, amri inayoonyesha hali ya kila muunganisho, kwenye mashine yao ya Linux, nikautafuta muunganisho ule: `busy:41200ms rwnd_limited:38300ms(93.0%)`. Yaani katika sekunde 41 za kuwa na data ya kutuma, 38 zimeishia kusubiri upande wa Dar ufungue nafasi ya kupokea. Laini haikuwa na kosa lolote, programu ya kule ndiyo ilichelewa kusoma. Barua haikuondoka, tukawapigia Dar.

Kihesabu hicho cha `rwnd_limited` kiliingia Linux toleo la 4.10, mwaka 2017. Lakini mradi wa Web100 wa Marekani ulikuwa na kiraka (msimbo wa kuongezwa kwenye kerneli) chenye vihesabu vya namna hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na orodha ndefu ikachapishwa kama RFC 4898, hati ya viwango vya intaneti, mwaka 2007. Kiraka chenyewe hakikupokelewa kwenye kerneli rasmi. Vihesabu tumepewa kimoja leo, kingine miaka kadhaa baadaye. Mimi nasema orodha nzima iingie, na iwe na swichi ya kuiwasha na kuizima.

Mchangiaji, Dar

Mkuu, napinga. Kila kihesabu ni baiti juu ya kila muunganisho. Chukulia baiti 1,000 tu: seva yenye miunganisho 500,000 imeshakula MB 500 za RAM kabla haijamhudumia mtu. Halafu kitu kikishaingia kwenye kerneli hakitoki, maana programu za watu zitakitegemea. Leo kuna eBPF, njia ya kuendesha programu ndogo ndani ya kerneli. Unachomeka kipimo chako mashine ikiwa inafanya kazi, ukimaliza unachomoa.

Mleta mada

Hoja ya RAM naikubali, ndiyo maana nikataja swichi. Ila eBPF inahesabu kuanzia ulipoichomeka. Muunganisho umefunguliwa saa 2 asubuhi, mimi nimefika saa 8 mchana: hizo saa sita nitazitoa wapi? Kihesabu cha kerneli kinaanza na pakiti ya kwanza. Na huku kwetu, wangapi wanaweza kuandika programu ya eBPF? `ss` hata kijana wa mafunzo kwa vitendo anaiweza.

Mchangiaji, Lindi

Ndugu zangu, tusiipe namba kazi isiyo yake. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, kila mtu aliona intaneti imekwenda wapi. Kihesabu kisingetuongezea kitu. Faida yake iko kwenye kesi kama ya hiyo ofisi, ambako kila upande unajiona hauna hatia.

Ila kaka, swichi yako inaibomoa hoja yako mwenyewe. Ikiwa imezimwa, utafika saa 8 mchana ukute sifuri, sawasawa na mwenye eBPF.

Mleta mada

Hapo umenishika, na nabadili nilichosema. Basi mfumo uje ikiwa imewashwa, na mwenye seva ya miunganisho 500,000 ndiye aizime. Yeye ana mafundi wa kujua kwamba swichi ipo. Ofisi ya watu wanne hapa bandarini haitaijua kamwe, na hao ndio wanaoandika barua kwa mtu asiye na kosa.