Ushauri: Runinga sikukuu hii ni marudio matupu, nyumba inajaa wageni, tujiburudishe na nini?

Mlimani_Moro (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuanzia tarehe 23 Desemba hadi 2 Januari nyumba itakuwa na watu 9: bibi wa miaka 74 ambaye macho yamepungua nguvu, watu wazima wanne, vijana wawili wa sekondari, mtoto wa miaka 7 na mwingine wa miaka 2. Ratiba ya king'amuzi cha dishi inasikitisha. Tamthilia zilizokwisha juzijuzi zinarudiwa kwa mfululizo, filamu ni zilezile za mwaka jana, vipindi vya asubuhi vimesimama. Kulipia kifurushi cha juu kwa ajili ya hayo kunaniuma.

Vilivyopo: TV ya inchi 32 isiyo smart (HDMI 2, USB 1, tundu la VGA), laptopu ya zamani yenye VGA tu, flashi ya GB 32, sabufa, na simu za kawaida za Android. Bajeti Sh 80,000.

Naomba kujua:
1. Filamu nyingine kwenye flashi zinaonyesha picha bila sauti, nyingine TV inakataa kabisa. Tatizo ni nini?
2. Vile viprojekta vidogo vinavyotangazwa mitandaoni, vinafaa?
3. Kuna mchezo gani ambao bibi na mtoto wa miaka 7 wanaweza kucheza pamoja?

Nawasilisha.

FundiAntena

Mkuu, kabla hujagusa flashi, tuanze na king'amuzi. Mwisho wa mwaka watangazaji na mafundi wengi wako likizo, vipindi vya moja kwa moja vinapungua, na marudio ndiyo njia nyepesi ya kujaza saa. Kifurushi cha juu kinakuongezea idadi ya chaneli, lakini nyingi ya hizo nazo zinarudia. Bonyeza kitufe cha mwongozo wa vipindi kwenye rimoti, angalia siku zijazo, andika vitu ambavyo kweli mtavitazama. Visipofika vitano, baki na kifurushi kidogo kabisa.

Kwa chaneli za nyumbani, antena ya kawaida na king'amuzi cha DVB-T2 (kile cha antena, siyo cha dishi) cha chaneli za bure vinatosha. Antena ya UHF ya miiba iinuke mita 2 au 3 juu ya bati, kwa sababu bati linarudisha mawimbi na picha inakatika vipande vipande. Tazama antena za majirani: miiba imelala au imesimama? Yako ikae vilevile. Fungua ukurasa wa nguvu na ubora wa mawimbi, kisha zungusha antena kidogo kidogo, ukisubiri sekunde 5 hadi 10 kila hatua, maana king'amuzi huchelewa kusoma. Fuata ubora, usidanganywe na nguvu. Nguvu 90 na ubora 20 huenda maana yake unapokea mwangwi wa mlima, na hapo Morogoro hilo ni la kawaida.

Chanzo kikubwa cha "hakuna mawimbi" ni kile kichwa cha waya. Fungua uangalie: uzi mmoja tu wa ule wavu wa nje ukigusa waya wa katikati, basi. Kata upya, rudisha wavu wote nyuma, acha waya wa katikati utokeze milimita chache tu. Na kama antena ina busta inayotumia volti 5, ingia kwenye menyu ya king'amuzi uwashe umeme wa antena, kwa kawaida huja umezimwa.

Kodeki

Swali la flashi nalichukua mimi. Hapo kuna matatizo matatu tofauti, na watu huyachanganya.

La kwanza ni fomati ya flashi. FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, hata kama flashi ni tupu. Ukijaribu, kompyuta inasema faili ni kubwa mno. Ukifomati kwa exFAT, kompyuta inafurahi lakini TV nyingi za zamani haziioni flashi kabisa. Jaribu NTFS, TV nyingi zinaisoma. Ikikataa, rudi FAT32 na utumie filamu za chini ya GB 4. Kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo hamisha vilivyomo kwanza.

La pili ni picha. TV ya aina hiyo inaelewa H.264, yaani mfumo wa zamani wa kubana picha. Filamu nyingi za siku hizi zimebanwa kwa H.265, mfumo mpya zaidi, zinakuwa ndogo lakini TV haina chombo cha kuzifungua. Ndizo zinazokataliwa kabisa.

La tatu ndilo lako la picha bila sauti: mara nyingi sauti iko kwenye mfumo wa DTS, ambao watengenezaji wengi wa TV za bei nafuu hawaulipii leseni.

Namna ya kujua: fungua filamu kwa VLC (programu ya kuchezea filamu) kwenye laptopu, bonyeza Ctrl na J. Utaona mfumo wa picha na wa sauti.

Kama picha ni H.264 na kasoro ni sauti tu, usibadilishe filamu nzima. Weka ffmpeg, ni programu ya bure, kisha andika:

ffmpeg -i filamu.mkv -c:v copy -c:a aac -b:a 192k -ac 2 filamu2.mkv

Picha inanakiliwa ilivyo, sauti pekee ndiyo inayogeuzwa, kazi inakwisha ndani ya dakika chache.

Kama picha ni H.265, tumia HandBrake, nayo ni ya bure. Chagua "Fast 720p30", hakikisha kibadilishi cha picha ni H.264 na sauti ni AAC ya stereo. TV ya inchi 32 ukiwa mita 3 mbali, 720p inatosha kabisa. Laptopu ya zamani inaweza kuchukua saa nyingi kuliko urefu wa filamu yenyewe, kwa hiyo panga filamu tano kwenye foleni wakati wa kulala, iache imechomekwa chaji na juu ya meza, siyo kitandani. Ikikosa hewa chini inapata joto na kupunguza kasi.

Maandishi ya tafsiri: faili la .srt liwe na jina lilelile la filamu, herufi kwa herufi, na likae folda moja nayo. Ila kwa bibi mwenye macho hafifu, maandishi hayamsaidii kitu. Mtafutie filamu na tamthilia zilizotiwa sauti ya Kiswahili, au za Kiswahili tangu mwanzo.

Mwanakwetu_TZ

@Kodeki somo zuri, ila kwa nini asumbuke kugeuza mafaili? TV yake ina VGA na laptopu ina VGA. Aunganishe, afungue VLC, kila filamu inacheza.

Mkuu Mlimani_Moro, waya wa VGA una pini 15 na skrubu mbili pembeni. Chomeka vyote vikiwa vimezimwa, kaza skrubu kwa vidole, washa TV na uchague chanzo "PC", halafu kwenye laptopu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P uchague kurudufu skrini. VGA haibebi sauti, hapo ndipo wengi wanapodhani waya ni mbovu. Sauti itoe kwenye tundu la hedifoni la laptopu, waya wa milimita 3.5 unaogawanyika kuwa mwekundu na mweupe, hadi nyuma ya sabufa. Spika za TV nyembamba zinaelekea chini au nyuma. Watu 9 wakiwa wanakula na kuongea, hakuna atakayesikia mazungumzo bila sabufa.

Sabufa ikivuma "mmmm" muda wote, chomoa chaji ya laptopu. Mvumo ukiisha, tatizo ni chaja. Chaji betri kabla, au chomeka laptopu na sabufa kwenye ekstensheni moja. Na punguza besi hadi robo, ongeza treble kidogo, maneno yatasikika vizuri zaidi kwa bibi kuliko kuongeza sauti yote.

Kodeki

@Mwanakwetu_TZ kweli kabisa, VGA ndiyo njia ya mkato. Angalizo moja: laptopu ya zamani sana ikipewa H.265 ya 1080p inakwama kwama, picha inaganda na sauti inatangulia. Zijaribu zote dakika mbili mbili kabla ya tarehe 23. Zinazokwama ndizo za kupeleka HandBrake.

Mlimani_Moro

Asanteni sana. Je, kuunganisha simu na TV kwa waya wa USB kwenda HDMI? Kuna vitu nimepakua kwenye simu ndani ya YouTube.

Mwanakwetu_TZ

Usinunue huo waya bila kujaribu dukani. Unafanya kazi tu kama tundu la Type-C la simu lina uwezo wa kutoa picha, na simu nyingi za bei ya kawaida hazina, hata kama waya unaingia vizuri. Na vilivyopakuliwa ndani ya YouTube vinafunguka ndani ya programu hiyo tu, huwezi kuvihamishia kwenye flashi. Ukitaka kutazama mtandaoni, fungua kwenye laptopu kwa hotspoti na ushushe ubora hadi 480p: ni karibu nusu GB kwa saa, wakati 1080p inaweza kula GB 2 hadi 3. Usiache kwenye "Auto".

Lenzi_na_Pazia

Projekta: kwa Sh 80,000 achana nayo. Utaona wameandika "lumeni 9000" (kipimo cha mwanga) na "inasapoti 1080p". Kusapoti maana yake inapokea tu, kioo chake chenyewe kinaweza kuwa cha 480p. Kipimo cha kuulizia ni lumeni za ANSI, na chini ya 200 utahitaji giza la kweli, siyo pazia la kitenge mchana wa Desemba. Hela hiyo nunua waya wa VGA, waya wa sauti na flashi ya pili.

BiMkubwa_wa_Kete

Nami nijibu swali la tatu, maana hilo ndilo lenye faida ya siku kumi na wala halihitaji umeme.

Chezeni bao, lakini msianze na bao la Kiswahili lenyewe. Lile lina kunamua (hatua ya kwanza ya kuingiza kete za mkononi moja moja), lina nyumba (shimo lenye kanuni zake), kila mmoja anaanza na kete 22 mkononi, na mtoto wa miaka 7 atachoka kabla hajafika kwenye mtaji, yaani hatua ya pili kete za mkononi zikiisha. Anzeni na bao la kujifunza: mashimo 32, safu nne za mashimo manane, kila shimo kete 2, jumla 64. Kila mchezaji ana safu mbili za upande wake.

Huna bao? Chukua trei mbili za mayai 30. Trei moja ni vishimo 5 kwa 6. Kata kila moja ibaki 4 kwa 4, zishone ubavu kwa ubavu kwa sindano na uzi mnene, juu ya ubao au boksi gumu. Una 4 kwa 8. Komwe ndizo kete zenyewe za asili, ila kwenye trei zinajaa haraka na kumwagika. Tumia maharage makubwa, chagua ya rangi moja nyeupe ili bibi ayaone. Vishimo vipake rangi nyeusi au vitie masizi ndani. Na hata macho yakishindwa, vidole vinahesabu. Mruhusuni aguse vishimo kabla ya kucheza, nanyi msimharakishe.

Kucheza: chota shimo lako lolote lenye kete 2 au zaidi, dondosha moja moja kuzunguka safu zako mbili. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la safu ya mbele lenye kete, na shimo la mwenzako linalolitazama nalo lina kete, unazila. Za kuliwa unazipanga upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la mwanzo la safu yako ya mbele: ukiwa unakwenda kulia, anzia kichwa cha kushoto. Ikiangukia shimo lenye kete lakini hakuna cha kula, chota zote hapo uendelee. Ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu ya mwenzako. Ukiona pa kula, lazima ule. Huwezi kuchukua njia nyingine. Anayeishiwa kete safu ya mbele, au kubaki na kete mojamoja tu, amefungwa.

Kosa la wanaoanza ni kudondosha kete ya kwanza kwenye shimo lilelile walilochota. Anza shimo linalofuata.

Vijana wa sekondari wapeni drafti: boksi la sentimita 32 kwa 32, miraba 64 ya sentimita 4, vizibo 24 vya soda, wa huku kifudifudi, wa kule chali. Kizibo kina kama sentimita 3, kwa hiyo mraba wa sentimita 3 utabana na vizibo vitagongana.

Usiku mpeni bibi kiti cha mbele. "Kitendawili!" "Tega!" Gawanyeni makundi mawili, kila kundi liwe na vitendawili 10, na anayeshindwa atoe mji ndipo aambiwe jibu. Msikubali jibu kutolewa bure, mji ndio unaowafanya watoto wafikiri.

Mlimani_Moro

Bi Mkubwa, shikamoo na ahsante. Bibi anajua hadithi nyingi, tungependa kuzirekodi. Simu inatosha?

Kodeki

Inatosha. Iweke kwenye hali ya ndegeni ili simu isiite katikati. Ilaze juu ya khanga iliyokunjwa mara nne, karibu sentimita 30 kutoka kinywani pake. Ikikaa juu ya meza tupu, kila kikombe kitakachogusa meza kitasikika kama mlango unaobamizwa. Zima feni. Kwa ubora wa kbps 128, saa nzima ni kama MB 58, kwa hiyo nafasi siyo tatizo. Rekodi kila hadithi faili lake, na mwenye kuitikia "hadithi njoo" akae mbali kidogo na simu asije akafunika sauti ya bibi.

BiMkubwa_wa_Kete

Marahaba. Nimeona kuna mtoto wa miaka 2. Maharage yanaingia puani na kooni, na vizibo vya soda vina meno. Bao na drafti zichezwe mezani, msichezee mkekani. Kila mchezo ukiisha mtoto wa miaka 7 ahesabu kete kwa sauti hadi 64 na kuzitia kwenye kopo lenye mfuniko. Zikitimia 63, inueni makochi kwanza kabla ya kuwasha filamu.