Uhaba wa kupikwa kwenye komiki: mpaka lini tutauziwa utoto wetu wenyewe?

Wadau, nimechoka. Kila ukiingia kwenye minada ya komiki siku hizi utakutana na neno moja: "ADIMU". Kuna muuzaji kaweka X-Men namba 1 ya 1991, kaandika adimu kwa herufi kubwa, bei kaipaisha utadhani anauza almasi. Toleo lile liliuza nakala zaidi ya milioni 8! Lilitoka na majalada matano, na manne kati yake ukiyapanga yanaungana kuwa picha moja, ili mtoto anunue hadithi ileile mara nne. Uadimu uko wapi hapo?

Action Comics namba 1, ya Juni 1938, iliyomtoa Superman kwa mara ya kwanza, hiyo ni adimu kweli. Iliuzwa senti 10. Watoto waliisoma mpaka ikachanika, wakaazimana, wazazi wakatupa. Vita Kuu ya Pili ilipofika, Wamarekani wakakusanya karatasi kuukuu kusaidia vita, na komiki zikaenda humo marobota kwa marobota. Inakadiriwa zimebaki nakala kama 100 tu. Ndiyo maana mwaka 2024 moja ilinunuliwa dola milioni 6, na sina neno na bei hiyo. Hakuna aliyekaa ofisini akapanga zipotee.

Hasira zangu ni kwa wachapishaji waliotamani bei zile wakaamua kuupika uhaba. Mwaka 1992 walipomuua Superman kwenye namba 75, wakaitia komiki kwenye mfuko mweusi uliofungwa, na ndani wakaweka kitambaa cheusi cha msiba cha kufunga mkononi. Watu wakapanga foleni, wakanunua mbili mbili: moja ya kusoma, nyingine isiguswe, eti itakuja kusomesha watoto. Mamilioni ya watu na wazo hilohilo! Kitu ambacho kila mtu kakificha kabatini kitapandaje bei? Walanguzi walipozinduka wakakimbia, maduka yakafungwa kwa maelfu, na mwisho wa 1996 Marvel wenyewe, wachapishaji wa X-Men, wakaenda mahakamani kuomba kinga ya ufilisi.

Wamejifunza? Wapi! Sasa wana majalada mbadala. Duka likitaka nakala moja yenye mchoro maalumu, sharti liagize 25, 50, hata 100 za jalada la kawaida. Zile za kawaida zisipotoka zinaishia kwenye boksi la bei ya kutupa, na hasara inafidiwa kwenye ile moja "adimu". Anayelipa ni mimi na wewe. Halafu idadi ya mauzo inatangazwa kwa mbwembwe kana kwamba kuna wasomaji wote hao.

Na udhaifu wetu wanaujua. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1991 sasa ana mshahara, na anatamani kushika tena kile alichokishika akiwa hana wasiwasi wa kodi ya nyumba. Angalieni New Mutants namba 98, ya 1991 pia, alipotokea mhusika Deadpool kwa mara ya kwanza. Zipo tele, wala hutoki jasho kuitafuta. Lakini filamu yake ilipokuja 2016, bei ilikuwa imesharuka. Kilichopandisha ni kumbukumbu zetu na tangazo la filamu, basi.

Kinachoniuma zaidi ni haya makasha. Tangu CGC, kampuni ya kukagua hali ya komiki, waanze kazi mwaka 2000, komiki inapewa alama mpaka 10, kisha inafungiwa kwenye plastiki ngumu. Nakubali, inasaidia kuwanasa wanaouza nakala zilizokarabatiwa kimyakimya. Ila 9.6 na 9.8 zinatofautiana kwa kijimstari cheupe kwenye uti wa komiki, pale inapokunjwa, hukioni mpaka uinamishe karatasi chini ya taa, na bei inaweza kuruka mara mbili. Ukitaka kusoma, uvunje kasha, na alama imekwenda na maji. Mchoraji kakesha akichora kurasa 22, leo hakuna anayeruhusiwa kuzifunua!

Ninachodai ni kimoja: kila jalada mbadala lichapwe na idadi kamili ya nakala zake, ndani, ukurasa wa kwanza, tuione kabla hatujatoa hela. Wenye maduka mliomo humu, jitokezeni mtueleze kwa nini hilo halifanyiki. Na nyie mnaonunua mkiwa hamna hata mpango wa kusoma, nanyi mjitetee hapa.