Kutangaza makala zako: makundi ya Facebook na WhatsApp, au barua pepe?

MamaTofali: Wakuu, habari za kazi. Nina tovuti ya makala za ujenzi kwa Kiswahili: vipimo vya zege, hesabu ya matofali, bati za kuezekea. Muda wa kutangaza ninao saa mbili tu kwa wiki, watoto wakishalala, kwa hiyo nataka kushika njia moja niache kutapatapa.

Facebook naposti kwenye makundi ya ujenzi. Laiki zinakuja, na "bei gani?" nyingi (siuzi kitu!), ila wanaobonyeza linki ni wa kuhesabu. WhatsApp naweka stetasi na makundi matatu. Wanasoma jioni ileile, kesho kimya. Mwezi jana nikajaribu barua pepe kwa watu 40 wenye tovuti na maduka ya vifaa, barua ileile kwa wote. Akajibu mmoja tu, akiuliza anwani yake nimeitoa wapi. Nyie mnafanyaje?

NondoKumiNaMbili: Facebook usiitupe dada, kosa ni namna unavyoitumia. Tangu Januari 2018 walisema wazi kwamba posti za ndugu na marafiki ndizo zitatangulia, kurasa zikarudi nyuma. Na mtu aliye kule hataki kutoka, bando lenyewe ni la kuhesabu. Mpe chakula palepale. Mimi ningeandika hivi: "Chumba mita 3 kwa 4. Mzunguko mita 14, kimo mita 3, ukuta ni mita za mraba 42. Tofali za inchi 6 zinaingia kama 10 kwa kila mita ya mraba. Jumla 420, kabla hujatoa mlango na dirisha." Basi. Linki iweke kwenye maoni, kwa anayetaka hesabu ya saruji na mchanga. Watabishana humo mpaka usiku, na ubishi ndio unaoisukuma posti mbele.

Kisauni_Juu: Hapo kwa ubishi umenena, mafundi hawakosi la kusema. Lakini mimi huku Mombasa naona WhatsApp ndiyo mpango mzima. Shida ni watu kuitupia linki kama mtu anayetupa taka usiku. Kundi lina mwenyewe. Mpigie hodi admini, mwambie una nini, mwulize siku gani inafaa. Nilishatolewa kwenye kundi la mafundi kwa linki moja tu, bila hata salamu, na haki yao.

Halafu jua mipaka: kundi linachukua watu 1,024, na ile orodha ya kutuma kwa pamoja mwisho 256, tena inamfika aliyehifadhi namba yako tu. Ndiyo maana ukituma unaona kimya. Chaneli zilizokuja 2023 hazina shida hiyo wala hazionyeshi namba za watu, ila msomaji hawezi kujadiliana nawe mle kama kwenye kundi. Kwa mtu wa ujenzi mwenye maswali kumi, hilo ni pengo.

MpembaMuscat: Assalaam alaykum. Mie si mtangazaji, mie ndiye mnayemtafuta. Najenga Wete, nami niko huku Muscat. Kazini simu twaweka kabatini hadi mchana. WhatsApp nikiifungua nakuta mia mbili, za harusi na za msiba, hiyo linki yenu naipitia kama sijaiona. Barua pepe naisoma nikila, naichapisha, nampigia mpwa wangu nikiwa nimeishika mkononi. Mwanangu, niandikie barua.

DadaPosta: Mzee kanirahisishia kazi. MamaTofali, umechanganya vitu viwili. Kuna jarida unalotuma kwa waliojiandikisha wenyewe, kama huyu mzee, na kuna barua ya kumwomba mtu asiyekujua aitaje makala yako. Hizi hazifanani hata kidogo.

Jarida: usitumie Gmail ya kawaida, ukomo wake ni watu 500 kwa siku. Na tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza: anayetuma barua nyingi (kwa Gmail, 5,000 kwa siku) lazima athibitishe anwani yake, aweke kitufe cha kujitoa, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Wewe hujafika huko, ila anza na tabia njema. Watu wajiandikishe kwa hiari. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ya kwao ni ya 2019. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliweka anwani zote 90 pale zinapoonekana na kila mtu. Mmoja akajibu "kwa wote" kulalamika, wa pili akamjibu, hadi saa nane usiku bado naomba radhi.

Barua ya kuomba: tano zenye akili, si 40. Hii ilinipatia jibu siku ileile:

"Habari Mwalimu. Nimesoma ukurasa wako wa misingi kwenye udongo wa mfinyanzi. Pale unapowaelekeza wanafunzi wakahesabu matofali, linki haifunguki tena. Nimeandika hesabu hiyo kwa Kiswahili, na mfano wa chumba. Ikikufaa, itumie."

Umeona? Nimemletea kitu kabla ya kuomba.

NondoKumiNaMbili: Dada, barua tano kwa linki moja? Saa mbili zote zimeisha.

DadaPosta: Zimeisha, ndiyo. Lakini linki ile ya mwalimu inaniletea watu mpaka leo. Posti yangu ya wiki ileile ilizikwa Jumatano.

Kisauni_Juu: Na tarehe 4 Oktoba 2021 msisahau, Facebook, Instagram na WhatsApp zililala pamoja kama saa sita. Uganda Facebook ilifungwa Januari 2021 kabla ya uchaguzi, Tanzania mtandao wa X (zamani Twitter) ukafungwa Mei 2025. Orodha ya anwani unakaa nayo mwenyewe. Sijageuka, WhatsApp bado yangu, nasema tu.

MamaTofali: Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimeweka kisanduku cha kujiandikisha chini ya kila makala, na leo nimeandika barua mbili tu, zimenichukua saa nzima. Facebook nitaposti hesabu bila linki, tuone. Stetasi nimeachana nayo.

MpembaMuscat: Marahaba. Nitie kwenye orodha. Lakini kwanza niambie, hiyo 420 ni chumba cha mita 3 kwa 4 kweli? Mpwa wangu kanunulia 600 chumba hichohicho.