Tupeane uzoefu: godoro jepesi la kujaza upepo, ulichagua lipi na usiku ulikwendaje?

Mwanzisha mada

Ndugu wanachama, salamu kwenu nyote. Mwezi ujao ninarudi Mlima Kenya na wenzangu wawili, tukipandia njia ya Sirimon na kushukia ya Chogoria, na safari hii tumekubaliana kubeba mizigo yetu wenyewe na kulala kwenye mahema badala ya mabanda. Vitu vyote nimeshavipima kwenye mizani isipokuwa kimoja ambacho bado sijakiamua, nacho ni godoro la kulalia.

Nieleze kwanza yaliyonipata. Mara iliyopita nilinunua godoro la upepo kwa kuangalia wepesi peke yake. Lilikuwa na uzito usiofika gramu 400, na likikunjwa lilitoshana na chupa ya maji, nikajiona mjanja kuliko wenzangu waliofunga mikeka ya sponji nje ya mikoba yao. Usiku wa kwanza, kambi ya Old Moses, kwenye mita 3,300, nililala vizuri tu. Usiku wa pili tulikuwa kambi ya Shipton, mita 4,200 hivi, na hapo baridi ilianza kunipanda kutoka chini, ikaingia kiunoni na mabegani, ilhali upande wa juu begi langu la kulalia la manyoya lilikuwa na joto la kutosha. Nilitandika koti la mvua, nikaongeza mkoba mtupu chini ya miguu, na bado wenzangu walipoamka saa nane usiku kwenda kilele cha Point Lenana walinikuta nimekaa. Niliporudi nyumbani ndipo niliposoma maandishi madogo yaliyochapwa pembeni mwa godoro lenyewe: R 1.3.

Kwa ambao hawajakutana na herufi hiyo, R ni kipimo cha jinsi godoro linavyozuia joto la mwili lisipotelee ardhini, na namba ikiwa kubwa kinga nayo ni kubwa. Begi la kulalia haliwezi kuifanya kazi hiyo, kwa sababu manyoya yaliyogandamizwa na uzito wa mwili hayabaki na hewa ya kushika joto. Tangu mwaka 2018 ipo kanuni moja ya upimaji, ASTM F3340, ambayo watengenezaji wakubwa wengi wameifuata kuanzia 2020 hivi, kwa hiyo namba za kampuni mbili tofauti sasa zinaweza kulinganishwa. Kabla ya hapo kila mmoja alijipimia kwa njia yake.

Naomba mliolala juu ya mita 4,000 mnieleze mlilalia nini. Msiniachie jina la bidhaa tu. Nataka kujua usiku wenyewe ulikuwaje.

Mwongozaji wa Moshi

Ndugu yangu, pole. Mimi nilianza Kilimanjaro nikiwa mpagazi, sasa ni mwongozaji, na nyakati zangu za kulala mlimani ni nyingi kuliko ninazoweza kuzihesabu. Kwetu hadithi ya wepesi ni tofauti kidogo, kwa kuwa mgeni haruhusiwi kupanda bila mwongozaji na godoro lake hubebwa na mpagazi, ambaye mzigo wake una ukomo wa kilo 20 na hupimwa getini. Kampuni nyingi hutoa magodoro ya sponji, na anayepita njia ya Marangu analala vibandani ambako magodoro yapo. Ninyi mnaobeba wenyewe ndio mnaoulizana habari za gramu.

Miaka michache iliyopita mteja mmoja aliniachia godoro lake la upepo kama zawadi. Nililitumia mara ya kwanza kambi ya Barafu, mita 4,670 na kidogo, mahali ambapo ardhi ni mabamba ya mawe yanayolia kama vigae yakikanyagwa. Nilifanya makosa mawili siku hiyo. Kosa la kwanza ni kulipuliza kwa mdomo. Pumzi ya Moshi siyo pumzi ya Barafu; nilipofika nusu nilianza kuona nyota mchana, nikalala chali kwanza ndipo nikaendelea. Zaidi ya hapo, hewa ya mdomoni ina unyevu, nao unabaki ndani ya godoro. Siku hizi natumia mfuko wa kupulizia, ule unaofungwa kwenye vali, unaunasia hewa, kisha unausokota hadi hewa iingie. Mara nne au tano godoro limejaa, na mchana mfuko huohuo naufungia nguo.

Kosa la pili ni kudhani limepata pancha. Nililijaza saa kumi jioni jua likiwa bado linawaka juu ya hema, na ilipofika saa nne usiku kiuno changu kilikuwa kinagusa mawe. Nilitafuta tundu kwa tochi nusu saa nzima nisilione. Hapakuwa na tundu. Hewa ya nyuzi 20 ikipoa hadi sifuri hupungua nguvu kwa karibu asilimia 7, na kwenye godoro jembamba upungufu huo unautambua kwa mifupa. Dawa yake ni kuongeza pumzi chache kabla ya kuingia kulala. Asubuhi fanya kinyume chake, yaani fungua vali kabla jua halijalikuta, kwa sababu hewa iliyofungiwa ikipata joto inavutana na mishono ya ndani.

Mwisho, mkeka mwembamba wa sponji usiudharau. Namba za R hujumlishwa, kwa hiyo mkeka wa R 2 chini ya godoro la R 3 unakupa 5, na mawe ya Barafu yanakutana na sponji kwanza.

Mwanzisha mada

Shikamoo mzee wetu, na asante sana. Habari ya kujumlisha nilikuwa siijui kabisa, nami nimeshaanza kuhesabu upya.

Dada wa Nanyuki

Mimi nalala kwa ubavu, na jambo hili wauzaji wengi hawaliulizi. Anayelala chali huugawa uzito wake mgongo mzima, lakini mwenzangu na mimi uzito wote unashukia bega na nyonga, na godoro la sentimita 5 linakunjama pale penye nyonga hadi ardhi inapatikana. Nilihangaika na mawili ya namna hiyo kabla ya kupata lenye unene wa sentimita 7.6, nalo ni NeoAir XLite toleo la NXT, gramu 370, R 4.5. Nimelala juu yake Ziwa Ellis na Shipton bila kuihisi ardhi. Ninaoweza kuulalamikia ni upana, kwani sentimita 51 ni chache kwa mtu anayegeukageuka, na viwiko vyangu huamkia nje kila siku. Lipo pana la sentimita 64, lenye uzito zaidi, na kama ningenunua leo ningekubali huo uzito.

Usijaze likawa gumu kama gurudumu. Mimi hulijaza, nikalala kwa ubavu, kisha nikaachia hewa kidogokidogo hadi nyonga izame bila kugusa chini.

Asiyependa kelele

Nichangie jambo moja tu. Baadhi ya magodoro haya yana karatasi laini inayong'aa ndani ya kurudisha joto, na kila unapojigeuza hulia kama mfuko wa bisi. Mwenye hema la kulala watu wawili amuulize mwenzake kwanza.

Mchunga punda wa hiari

Uzoefu wangu ni wa nchi ya miiba. Tulitembea siku nne kutoka nyanda za juu za Ngorongoro kuteremkia Ziwa Natron, punda wakibeba mizigo, na usiku wa tatu tuliweka kambi chini ya migunga. Nilifagia ardhi kwa tawi, nikatandika turubai, nikaamini nimemaliza. Usiku wa manane nilikuwa nimelala juu ya ardhi tupu, na safari hii tundu lilikuwepo. Nililipata asubuhi kwa maji ya sabuni kwenye sufuria: nilipaka kitambaa kipande kwa kipande hadi vipovu vidogo vikatokea mahali pamoja, padogo kiasi kwamba jicho lisingepaona.

Kosa langu lilikuwa kutumia solusheni na kiraka cha baiskeli. Kilishika kwa saa mbili kisha kikajikunja pembe zote na kudondoka, kwa kuwa gundi ile imetengenezwa kwa ajili ya mpira, na kitambaa cha magodoro haya ni nailoni iliyopakwa plastiki kwa ndani. Kinachofaa ni viraka vinavyokuja na godoro lenyewe, au gundi ya poliyurethani, baada ya kusafisha mahali pale kwa spiriti na kupaacha pakauke. Viraka hivyo havizidi uzito wa barua, vibebeni. Katika nchi ya migunga mimi nimerudi kwenye mkeka wa sponji, kwa sababu mwiba ukiuchoma unabaki kuwa mkeka.

Mnunuzi wa mitumba

Tahadhari kwa wanaonunua yaliyotumika. Nilipata godoro zuri sokoni kwa bei ya kutupa, muuzaji akalipuliza mbele yangu, likasimama. Nililipa nikaondoka nalo. Usiku wa pili kuta za ndani zinazotenganisha vyumba vya hewa ziliachia moja baada ya nyingine, na kufikia alfajiri nilikuwa na nundu ya ng'ombe katikati ya mgongo. Ubovu huo hauna kiraka. Mara nyingi hutokana na godoro kuachwa limejaa juani au ndani ya gari lenye joto. Siku hizi nikitaka kununua nalijaza kabisa, nakaa juu yake, kisha naliacha saa nzima nikinywa chai. Muuzaji asiyekubali nisubiri, namwachia godoro lake.

Mwanzisha mada

Nawashukuru nyote. Nimeazima godoro la R 4.5 kwa rafiki, na chini yake nitaweka mkeka mwembamba wa sponji wenye gramu 200, hivyo jumla itapita kidogo 5 na mzigo wangu utaongezeka uzito usiozidi nusu kilo, hesabu ambayo mwaka jana ningeicheka. Viraka nimeshavifunga pamoja na mswaki. Jana nililijaza nikalitandika sakafuni sebuleni, juu ya saruji, ili nilale hapo usiku mzima kama majaribio, lakini mwanangu wa miaka sita alitangulia kusinzia juu yake, kwa hiyo majaribio ni leo.